Mzee wa Ndege

Kabla ya kupiga risasi yoyote alikuwa akiitoa roho ya bunduki na kumpa mtu mwingine aishike. Roho ndilo jina alilolipa lile komeo la chuma linaloifunga risasi kwa nyuma. Ukishalichomoa, bunduki inabaki bomba tu, haina tofauti na bomba la maji.

"Shika roho yake, biniya," angeniambia. Biniya ni binti kwa Kiarabu cha Juba, na ndilo neno pekee la Kiarabu alilonipa mimi. Mengine yote yalikuwa Kiswahili alichokiokota ukimbizini Uganda. "Ikiwa kwako, mimi naweza kuangalia mdomoni bila wasiwasi."

Nami nikaishika. Ilikuwa na uzito ambao mkono haukuutarajia, na ilinukia mafuta. Nikiwa nimeifumbata hivyo, nimesimama kando ya mizani yangu ya mizigo, nilijisikia kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani kwa dakika chache.

Kiwanja chetu hakikuwa ule uwanja mkubwa wa kimataifa ambao kila mtu anaujua. Kilikuwa kiwanja kidogo cha udongo mwekundu nje kidogo ya mji, mbele ya mtaa wa New Site, kilichotumiwa na ndege ndogo za mizigo. Siku hizi hakipo, wamejenga. Lakini miaka ile ya amani, mkataba wa kumaliza vita ukiwa umeshatiwa saini na kura ya kuamua uhuru wa Kusini ikiwa bado mbali, asubuhi zake zilikuwa kama usingizi usioisha. Joto likianza kupanda, barabara ya kurukia ilitikisika kama maji, na ndege zilipotokea upande wa jebel, ule mlima wa mawe, zilionekana kwanza kama matone ya mwanga yasiyo na haraka ya kuanguka. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Kitale, nilikokulia, nikapata kazi ya kupima mizigo. Sikuwa na mtu mwingine pale wa kuongea naye Kiswahili ila mama mmoja Mganda aliyepika chapati nyuma ya uzio, na huyo mzee wa bunduki.

Tulimwita Mzee wa Ndege. Hakuna aliyeuliza ndege wepi, wale wa manyoya au wale wa bati, maana kazi yake ilikuwa kuwatenganisha hao wawili. Mwewe na korongo walikipenda kile kiwanja. Nyuma yake kulikuwa na jalala, na mvua ikinyesha nyasi zilijaa wadudu. Ndege mmoja mkubwa akiingia kwenye injini, au akigonga kioo, watu wanakufa. Kwa hiyo kampuni yetu ya mizigo ilimwajiri mzee mrefu, mwembamba, aliyetembea kama anavuka mto, hatua moja ikisubiri nyingine itie mguu chini.

Bunduki yake aliifunga katika milaya, lile shuka linalotariziwa na wanawake wa Juba. Mkewe alikuwa ameitarizi kwa nyuzi za kijani na zambarau: tausi wawili wakitazamana. Wafanyakazi walimcheka. Mzee wa Ndege anaua ndege, halafu anaifunika bunduki kwa ndege. Yeye alicheka nao.

"Mke wangu alisema hii ndiyo shuka mbaya," aliwaambia. "Ile nzuri tunalalia."

Naikumbuka namna alivyokagua bunduki kuliko ninavyokumbuka sura yake. Aliketi juu ya sanduku tupu, akalipa jua mgongo. Akaondoa kasha la risasi, akachungulia ndani, akatia kidole kuhakikisha hakuna kilichobaki. Akanipa roho. Kisha akachukua kiwambo, lile bomba nene jeusi linalofungwa mdomoni mwa bunduki ili limeze mlio, akalizungusha taratibu mpaka likakaza. Halafu kutoka ndani ya mwanzi mkavu alichomoa fimbo ya chuma, nyembamba na iliyonyooka sana, akaiingiza kwa nyuma ya mtutu, akaisukuma mpaka ncha yake ikakaribia kutokea mbele, kwenye tundu la kiwambo. Hapo ndipo alipoigeuza bunduki na kuutazama mdomo wake kwa jicho moja, kimya, kama mtu anayesikiliza.

Siku moja aliniruhusu nitazame. Niliona tundu jeusi, na katikati yake kichwa cha ile fimbo kikimetameta, na kukizunguka pete nyembamba ya mwanga. Ilikuwa nzuri. Sikuwa nimetegemea kuona kitu kizuri mle.

"Mwanga iko sawa pande zote?" aliuliza.

"Iko sawa, Mzee."

"Basi. Risasi itapita katikati, haitagusa ukuta."

"Na ikigusa?"

Aliipokea bunduki mikononi mwangu. "Ikigusa, itapasua kiwambo, halafu inaenda kule inataka yenyewe. Hapana kule mimi nataka."

Alifanya hivyo kila mara. Hata kama alikuwa ameikagua asubuhi na sasa ni adhuhuri na bunduki haijatoka kwenye shuka lake. Rubani mmoja alimwambia anaiombea bunduki kuliko anavyoomba kanisani. Mzee akamjibu kwamba kanisani kuna padri wa kumsaidia.

Kile kiwambo kilikuwa na historia yake. Mwanzoni hakikuwepo. Siku ya kwanza alipofyatua risasi pale, mwewe alianguka, na nyuma ya uzio soko zima dogo likalala chini. Wanawake waliokuwa wakiuza bamia na mkaa walijitupa kifudifudi juu ya biashara zao. Mama Chapati aliwafunika watoto wawili ambao hata hawakuwa wake. Vita vilikuwa vimekwisha kwenye karatasi, lakini miili ya watu ilikuwa bado haijapata habari. Ilichukua muda mrefu kabla mtu wa kwanza hajainua kichwa.

Mzee alikwenda kwa mkubwa wa kiwanja siku hiyohiyo, akaweka bunduki mezani, akasema hataigusa tena mpaka iletewe kiwambo. Mkubwa, kijana aliyekulia Nairobi na kurudi kama mimi, alibisha, kisha akaandika barua zake, akaomba vibali vyake. Kiwambo kilifika baada ya majira kugeuka, ndani ya sanduku la vipuri, na ni mimi niliyelipima. Muda wote huo wa kusubiri, mzee alifukuza ndege kwa kupiga makofi na kupeperusha kitambaa chekundu, akikimbia kule na huku kwa miguu yake mirefu.

Tangu hapo mlio wake ukawa kama mtu anayefunga kitabu kinene. Mama Chapati aliniambia, "Huyu mzee ametuheshimu sana. Sisi tulikuwa tumezoea watu ya bunduki wanatuangusha tu." Kila asubuhi alimpelekea chapati ya kwanza kutoka kwenye kikaango, ikiwa imekunjwa na moshi ukitoka.

Askari wa kizuizi cha barabarani hawakukipenda kile kiwambo. Nilikuwa nimepanda naye siku moja kwenye gari la kampuni walipotusimamisha, wakafunua shuka, na mmoja wao akalipiga lile bomba jeusi kwa ukucha.

"Hii ni kitu ya wauaji," alisema. "Mtu mzuri anaficha mlio ya bunduki kwa nini?"

"Kisu pia ni kitu ya wauaji," mzee alijibu kwa upole, "na sasa hivi nyumbani mke wangu anakata nayo kitunguu."

Askari alimtazama, kisha akatazama tausi wa zambarau, akatuachia tupite.

Watu wengi walitaka awe mtu mpole kupita kiasi, mtakatifu wa mwewe. Hakuwa hivyo. Alipenda nyama ya kuku kwa moyo wote na alikula mpaka mifupa ikabaki myeupe. Alikuwa mbishi kwenye mchezo wa karata na alidanganya waziwazi. Alikuwa na wivu juu ya mkewe uliotuchekesha, maana wote wawili walikuwa wameota mvi. Lakini pia alikuwa akiwajua wale ndege mmojammoja. Kulikuwa na korongo mmoja mwenye mguu uliopinda ambaye hakuwahi kumlenga hata mara moja. Alimwendea polepole na kumsemesha mpaka yule ndege, kwa uchovu tu, akaamua kuondoka. Risasi ilikuwa neno la mwisho. Kabla ya hapo kulikuwa na makofi, kitambaa, kelele, mawe, maombi na matusi.

Alipenda kusimulia ndoto zake. Alizisimulia akiwa ameegemea magunia, macho nusu yamefumba, nami nikiwa sina mizigo ya kupima. Aliota anavuka mji uliojaa maji mpaka kiunoni, na watu wote aliowahi kuwajua wamesimama milangoni wakimpungia mikono. Aliota ng'ombe wakishuka kutoka kwenye ndege, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja amevaa kofia ya rubani. Mama yake alikuja mara nyingi, akiwa kijana kuliko yeye.

"Wanasema nini, hao watu wa milangoni?" nilimuuliza.

"Hapana sema. Ndoto yangu haina sauti." Alifikiri kidogo. "Zamani ilikuwa nayo. Sasa iko kama mtu ametia kichwa ndani ya maji. Ni nzuri sana."

Nilichukulia kuwa ni maneno ya mzee mwenye usingizi. Vilevile sikuwaza sana kwamba wakati wa Krismasi, vijana wenye silaha walipofyatua hewani kwa furaha, yeye hakuonekana mjini. Mkewe alisema amekwenda kisiwani, katikati ya mto, kuangalia bustani ya ndugu yake.

Kisha ikaja ile asubuhi.

Mvua ilikuwa imenyesha, na kumbikumbi walitoka ardhini kwa wingi mpaka hewa ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Mwewe walijaa juu, wakizunguka bila kupiga mbawa. Korongo walishuka kwenye barabara ya kurukia wakitembea kama wazee wa kanisa. Ndege ndogo ya mizigo ilikuwa imeshaondoka Entebbe na ilikuwa karibu kufika.

Mzee alichelewa. Bodaboda aliyopanda ilikuwa imeteleza kwenye matope, wakaanguka wote, yeye na dereva na bunduki. Alifika na matope hadi begani, akaketi kwenye sanduku lake, akanipa roho. Akaingiza fimbo. Akatazama. Akaitoa, akafungua kiwambo, akakifuta, akakifunga tena, akaingiza fimbo, akatazama.

"Angalia," aliniambia.

Nilitazama. Kichwa cha fimbo kilikuwa kimeegemea upande mmoja, na upande huo mwanga haukuwepo kabisa. Pete ilikuwa imegeuka mwezi mchanga.

Mkubwa wa kiwanja alikuja akikimbia. Tulishaisikia injini.

"Mzee, piga! Wako katikati ya barabara!"

"Kiwambo imepinda. Hapana piga na hii."

"Basi kitoe! Kitoe upige hivyohivyo!"

Mzee aliushika ule mtutu kwa mikono miwili. Nilimwona akianza kuzungusha. Kiwambo kilizunguka kidogo, kikasimama, si kwa sababu kilikwama. Mikono ndiyo iliyosimama. Uso wake ulikuwa umetoka jasho. Halafu akaiweka bunduki chini juu ya shuka, kwa uangalifu, akasimama, akavua shati, akakimbilia barabarani.

Bado namwona. Mzee kifua wazi, mrefu, akikimbia ndani ya wingu la wadudu wenye mbawa, shati likizunguka juu ya kichwa chake, akipiga kelele ambazo sikuzisikia kwa sababu ya injini. Korongo waliruka mbele yake kwa uvivu, wakitua nyuma yake. Ndege ilikuja chini, ikamwona, ikapanda tena. Ikazunguka. Mkubwa naye alikuwa ameingia barabarani akipunga koti lake, na mimi nilikuwa nimeingia pia, nikiwa bado na roho ya bunduki mkononi. Ndege ilipokuja mara ya pili barabara ilikuwa wazi. Lakini juu hakukuwa wazi. Mwewe mmoja, au korongo aliyekuwa akipanda, sijui. Tuliona kivuli tu, tukasikia kishindo kidogo kama cha embe linalodondoka juu ya bati.

Iliteremka ikiyumba, ikafika chini, ikasimama. Kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka na kumwingia rubani usoni. Mkubwa ndiye aliyepanda kumtoa, na shati lake jeupe likawa jekundu mpaka kwenye mkanda.

Rubani alikuwa mtu wa Kisumu, mcheshi, ambaye kila safari aliniletea magazeti ya zamani. Walimlaza hospitali mjini wakisubiri kumpeleka Nairobi. Hakufa. Jicho moja halikuona tena vizuri, na sikusikia kwamba alirudi kurusha ndege.

Kikao kilifanyika ofisini, milango wazi kwa ajili ya joto. Mkubwa hakupiga kelele. Aliuliza swali moja, kwa sauti ya mtu ambaye kweli angependa kujua.

"Mzee wangu, kwa nini hukukifungua kile kiwambo ukapiga bila hicho?"

"Sikuweza," alisema mzee.

Mama Chapati, ambaye hakualikwa, aliingia na unga mikononi. "Ni kwa ajili yetu!" alisema. "Aliapa hatatuangusha chini tena. Mnamhukumu kwa sababu alitunza neno lake kwa wanawake ya soko?"

Watu wakaguna, wengine wakaitikia. Mzee aliinamisha kichwa kama mtu anayekaripiwa. Mkubwa akasema hawezi kumbakiza. Nadhani ilimuuma. Sijui angefanya nini kingine.

Nilimsindikiza mzee, akaniomba tupitie hospitali kabla ya kwenda kwake. Njiani, mahali ambapo hapakuwa na watu, alisimama.

"Mama Chapati amesema vizuri sana," alisema. "Lakini si kweli."

Aligeuka kutazama njia tuliyotokea.

"Ile siku ya kwanza, nilipiga, watu wa soko wakalala. Mimi pia nililala. Hakuna mtu aliona, sababu wote macho iko chini. Nilikuwa kwenye majani, mdomo iko ndani ya udongo, nimejikojolea. Mimi, na bunduki yangu mwenyewe." Alijifuta midomo. "Kiwambo haikuwa ya wale mama. Ilikuwa ya mimi. Watu wakanishukuru, na mimi nikakula chapati yao."

"Mzee, vita..."

"Vita watu wote walikuwa nayo. Rubani peke yake ndiyo amekatwa."

Hospitalini walituruhusu kuingia. Rubani alikuwa amefungwa bendeji nusu ya uso. Mzee aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akamweleza kila kitu, kwa Kiswahili chake kile kilichovunjikavunjika, bila kuruka yale majani wala kule kujikojolea. Nilitazama dirishani. Nje kulikuwa na mwanamke akianika shuka za hospitali, na upepo ulizijaza mpaka zikafanana na watu wanene wanaotaka kuondoka.

Rubani alifumba jicho lililobaki wazi. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Nipe maji, Mzee."

Mzee alimwinua kichwa kwa mkono mmoja, akamnywesha polepole, akisubiri kila funda limezwe kabla ya kuinamisha kikombe tena. Tulikaa mpaka wauguzi walipotutoa.

Baada ya hapo sikumwona kwa muda mrefu. Nilimwaza kisiwani, katika bustani ya nduguye, miguu ndani ya maji ya mto, hakuna sauti ila ya kasia. Nilimpenda pale. Nilipokosa usingizi nilimweka pale mwenyewe, na nikalala.

Watu walipoanza kuzungumzia kura kila kona, nilipata kiwanja New Site nikajenga chumba na sebule. Nilihitaji mlango. Nilielekezwa mtaa wa Hai Mauna, kwenye karakana ya fundi Mganda anayechomelea milango ya chuma. Ulisikia mahali penyewe kabla hujapaona: mashine ya kukatia ikilia, redio mbili zikigombana, na nyundo, nyundo, nyundo juu ya bati. Nilijikuta nimeziba masikio.

Mzee wa Ndege alikuwa katikati ya kelele hizo zote, amevaa aproni ya ngozi, akinyoosha bati juu ya kipande cha reli. Aliponiona alicheka mpaka fundi akageuka.

"Biniya! Umenenepa!"

"Mzee, wewe hapa?" Ilinibidi kupiga kelele. "Na makelele yote haya?"

Aliweka nyundo chini, akanivuta kando, ingawa kando pia palikuwa na kelele.

"Hii kelele naiona ikija," alisema. "Mkono inapanda, moyo inajua, inajipanga. Ile ingine haikuwa na mkono. Ilikuwa inatoka tu." Alitazama viganja vyake, vilivyokuwa vimeota sugu mpya. "Siku za mwanzo nilikuwa nalia. Fundi alifikiri ni moshi wa kuchomelea, akanipa miwani."

"Na sasa?"

"Sasa niko na miwani, na hapana lia sana." Alisita, kama mtu anayeamua kama habari ni yake au si yake kuitoa. "Juzi mama yangu alikuja ndotoni. Aliniita jina. Nilisikia."

Mashine ya kukatia ilizimika, na kwa muda kukawa na redio tu.

"Unataka mlango wa rangi gani?" aliuliza.

"Bluu."

"Bluu ni nzuri." Alirudi kwenye reli yake, akalaza bati, akalipapasa kutafuta palipopinda. Akaokota nyundo. Kisha akanitazama, akakumbuka kuwa mimi ni mgeni wa mahali pale.

"Usizibe sikio," alisema. "Angalia mkono."

Nikashusha mikono yangu. Wake ukapanda taratibu, ukasimama juu, ukanisubiri. Nilipokuwa tayari nikamwitikia kwa kichwa, akapiga.